Mvivu ni Nani?



Neno "mvivu" ni jepesi kulitamka. Tunalisikia shambani, nyumbani, hata katika vikao vya kanisa, hasa wanapotajwa vijana wanaoshinda vijiweni. Kabla hatujalitumia tena, yafaa tuulize: Biblia inamwita nani mvivu?

Tuanze na Mithali 6:6-11. Mvivu anatumwa akajifunze kwa chungu. Watoto wa Shule ya Jumapili wakisikia neno hilo hudhani ni chungu cha kupikia. Tuwaeleze kwamba ni yule mdudu mdogo, sisimizi. Sifa anayopewa si nguvu. Ni kwamba hana wa kumsimamia, na hata hivyo huweka akiba wakati wa mavuno. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu twaijua thamani ya sifa hiyo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo hodari hakujulikana siku mkaguzi alipoketi nyuma ya darasa. Alijulikana siku ambayo hakuna aliyekuja, na andalio la somo likawa tayari vilevile.

Sasa tumtazame mvivu mwenyewe. Katika Mithali 24:30-34 ana shamba, tena ana mizabibu. Miiba imeota, ukuta wa mawe umebomoka, naye amekunja mikono. Katika sura ya 26:13 anatoa sababu: njiani kuna simba. Angalieni vema, ndugu zangu. Mtu huyu hakukosa kazi. Kazi anayo, nayo inamngoja. Mvivu hasemi "Sitaki"; husema "Kesho", au husema "Simba".

Mtume Paulo naye, katika 2 Wathesalonike 3:10, tunamtaja mara nyingi nusunusu. Hakumnyima chakula kila asiyefanya kazi, bali yule asiyetaka kuifanya. Mgonjwa, kikongwe, na aliyetafuta akakosa, hawamo. Mistari mitatu mbele anawahimiza wasichoke kutenda mema. Wala hakusema maneno matupu, kwa maana Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila (Matendo 18:3).

Ndipo tufike kwa Bwana wetu, Mathayo 20:1-16. Saa za mfano huu ni saa zetu wenyewe: saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja. Jua linakaribia kuzama, na bado watu wamesimama bila kazi. Mwenye shamba aliwauliza sababu. Wakajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hakubishana nao, wala hakuwatukana. Aliwapa kazi.

Basi kijiweni wako watu wa namna mbili. Yupo aliyeacha jembe nyumbani. Huyo aambiwe ukweli, na mzazi wake asimfiche. Yupo pia anayengoja tangu saa tatu. Huyu tukimwita mvivu tunamshuhudia uongo. Na mwenye ekari zilizojaa magugu, asiyezilima wala hamwachii kijana azilime, ndiye hasa aliyeandikwa katika Mithali 24, hata kama ameketi kiti cha mbele kanisani.

Msimu wa kulima unapokaribia, mwenye shamba lililolala na ampe kijana kipande kwa msimu mmoja. Fundi na achukue mwanafunzi mmoja. Nawe kijana, ukipewa, amka mapema, usingoje kusimamiwa.

Yule mke mwema wa Mithali 31 anaamka kungali usiku (mstari wa 15), na mkono uleule unaofanya kazi anaunyosha kwa maskini (mstari wa 20). Mambo hayo mawili hayakutenganishwa.

Ee Bwana, uliyemweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza, utuondolee uvivu wa mikono na ugumu wa moyo. Amina.