Nani Ahukumu Picha? Mtaalamu, Mpigapicha na Aliyepigwa

Wahenga walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza inasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili inasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ya kwanza inamsifu atokaye nje kwa sababu huona kile ambacho mwenyeji amekizoea. Ya pili inamwonya asidhani kwamba ameona yote. Mvutano huo ndio msingi wa swali ninalokusudia kulijadili katika insha hii: mpigapicha kijana anapompelekea mtaalamu jalada lake la picha ili apate tathmini, je, ana wajibu wa kufuata anachoambiwa? Na kama hana, ni nani mwingine anayestahili kusikilizwa?

Kwanza nieleze jambo lenyewe. Jalada la picha, ambalo wapigapicha huliita potifolio, ni mkusanyo wa picha chache ambazo mpigapicha amezichagua zimwakilishe. Anayelikagua anaweza kuwa mhariri wa picha wa gazeti, msimamizi wa maonyesho au mpigapicha mwenye uzoefu. Desturi hii ina nafasi kubwa katika matamasha ya picha, kama lile la Arles, Ufaransa, lililoanza 1970, na lile la FotoFest mjini Houston, Marekani, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza 1986. Kikao huwa kifupi, dakika ishirini hivi. Mtaalamu hufunua, hutenga, hupanga upya na kusema: hii ibaki, hii itoke. Kwa kijana anayetafuta kazi, maneno hayo ni vigumu kuyapokea kama ushauri tu. Huyasikia kama amri.

Wapo wanaoona kwamba ni haki yawe amri. Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikiri kwamba watu hutofautiana katika kuhukumu uzuri, lakini akakataa kwamba hukumu zote ni sawa. Kwake, mhakiki wa kweli ni mtu mwenye hisi makini, aliyezoea kazi ya kuhakiki, aliyelinganisha kazi nyingi, asiye na upendeleo na mwenye akili timamu. Sifa hizi ndizo tunazozitafuta kwa mtaalamu wa picha. Yeye ameona maelfu ya picha. Sisi tumeona za kwetu na za rafiki zetu. Yeye hajui kwamba siku ile mvua ilinyesha na tulitembea saa tatu kufika pale, na kutojua huko ni faida, kwa kuwa sisi mara nyingi tunaipenda picha kwa sababu ya taabu tuliyoipata na si kwa sababu ya kile kinachoonekana ndani yake. Picha mbili zinazosema jambo moja, yeye huziona mara moja. Hapa mgeni kweli amekuja na mwenyeji amepona.

Hata hivyo, Aristotle alikwisha kutoa hoja inayotubana. Katika kitabu chake cha Siasa, sehemu ya tatu, anasema kwamba zipo kazi ambazo aliyezitengeneza si mwamuzi pekee wala si mwamuzi bora. Nyumba huhukumiwa vizuri zaidi na anayeishi ndani yake kuliko fundi aliyeijenga, na karamu huhukumiwa na mgeni anayeila kuliko mpishi. Nikiichukua hoja hiyo na kuipeleka kwenye picha, nauliza: ni nani anayeishi ndani ya picha? Si mpigapicha, kwa maana yeye ndiye fundi. Si mtaalamu, maana yeye amepita tu na kuikagua. Anayeishi ndani yake ni yule aliyepigwa. Uso ni wake, na picha ikitoka itatembea na uso huo mahali ambapo yeye hatafika kujieleza.

Mfano wa kwetu Goma utasaidia. Rafiki yangu mmoja alipiga picha za wasukumaji wa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali ambayo hubeba makala, viazi na karibu kila kitu mjini kwetu, hata ikajengewa sanamu. Katika jalada lake zilikuwemo picha mbili za Papa mmoja. Katika moja amesimama kando ya chukudu lake aliloliunda mwenyewe, anacheka. Katika nyingine ameinama chini ya magunia, uso hauonekani. Mtaalamu aliyelikagua jalada alishauri ile ya kicheko itolewe na ile ya magunia iwekwe mwanzo, kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa upande wa mwanga na mpangilio alisema kweli. Mimi nimeziona zote mbili. Lakini Papa alipoonyeshwa, alisema ile ya kicheko ndiyo yeye, na ile nyingine ni picha ya mzigo.

Hukumu hizi mbili hazigombani juu ya jambo moja. Mtaalamu alijibu swali: ipi itamshika mtazamaji? Papa alijibu swali: ipi ni kweli juu yangu? Kosa la kimaadili huanza pale jibu la swali la kwanza linapochukuliwa kuwa jibu la swali la pili.

Kosa hilo linaweza kutokea hata mahali penye heshima kubwa. Mnamo Machi 1993 gazeti la New York Times lilichapisha picha ya Kevin Carter kutoka Ayod, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini: mtoto aliyedhoofishwa na njaa ameinama chini, na nyuma yake ametua tumbusi. Mwaka 1994 picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Wataalamu waliipima na kuiona bora. Wasomaji wa kawaida waliliandikia gazeti wakiuliza jambo jingine kabisa: mtoto yule alipatwa na nini? Swali lao halihitaji ujuzi wa kamera, lakini bila swali hilo tathmini ya picha ile haijakamilika.

Je, basi picha za maumivu ziondolewe katika majalada yetu? Hapana, na historia ya Kongo inatukataza kusema hivyo. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, ameketi akiutazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Nsala alikuwa ameyaleta mabaki hayo misheni ili yaonekane. Picha hiyo ilionyeshwa katika mikutano Uingereza na Marekani, na ikawa miongoni mwa ushahidi uliomwelemea Leopold wa Pili hadi akalazimika kuliachia dola lake mwaka 1908. Hapa nguvu ya picha na dai la aliyepigwa vilikwenda njia moja. Kwa hiyo kinachotofautisha picha ya haki na isiyo ya haki ni kama uchungu huo unasema kile ambacho mwenyewe angetaka kisemwe.

Wenzangu wanaweza kunipinga kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba aliyepigwa hupenda picha inayompamba, na akiachiwa achague hatutapata ukweli. Ni kweli, ndiyo maana sisemi awe mwamuzi wa pekee. Fisadi aliyepigwa akipokea rushwa hawezi kuidai picha ifichwe kwa kuwa haimpendezi. Lakini msukuma chukudu hakufanya kosa lolote linalotulazimu kumwonyesha asivyotaka. Ya pili, kwamba kijana mvivu atajificha nyuma ya heshima ya aliyepigwa ili asikosolewe. Hilo nalo lina dawa: akiambiwa picha yake imepinda au haina mwanga wa kutosha, Papa hausiki, arudi akajifunze.

Kwa kuhitimisha, naona mpigapicha ana wajibu wa kumsikiliza mtaalamu hadi mwisho, bila kujitetea, katika kila linalohusu jinsi picha inavyofanya kazi. Hana wajibu wa kumtii katika suala la nani aonyeshwe vipi. Uamuzi huo unabaki kwake, na atautolea hesabu kwa aliyempa uso wake. Rafiki yangu alipopanga upya jalada lake aliondoa picha sita alizoambiwa ni za kurudia, akapunguza idadi, akabadilisha mfuatano. Picha ya magunia ilibaki, na ile ya kicheko ikawekwa kando yake.