Roho ya Mpita Njia

Hapa Bunia ndege inaposhuka Murongo, watoto huacha mchezo wao wakatazama juu. Kustaajabia ndege si kosa. Waingereza nao walikusanyika kuzistaajabia huko Shoreham, karibu na bahari, tarehe 22 Agosti 2015. Mojawapo ilikuwa ndege ya vita ya zamani, Hawker Hunter, iliyoundwa mwaka 1955. Rubani aliipandisha ili aizungushe duara angani. Lakini mwendo ulikuwa mdogo, na kimo alichofikia hakikutosha. Katika kuteremka ikaanguka juu ya barabara kuu, nje ya uwanja. Watu 11 walikufa. Rubani alipona.

Mtu akihatarisha roho yake kwa ajili ya mchezo, wengine watasema ni shauri lake. (Mimi nasitasita, kwa maana uhai hatukujipa wenyewe.) Lakini wale 11 hawakuwa wamo uwanjani. Wengine walikuwa safarini, wengine wamesimama kando ya njia wakitazama. Nani aliwauliza kama wamekubali?

Mwaka 2019 mahakama ilimwona rubani hana hatia. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba wale 11 waliuawa isivyo halali. Wasomaji wengine wataona maneno haya yanapingana. Mimi naona ni maswali mawili: mtu huyu ana hatia? na, watu hawa walitendewa haki? La pili halimwelekei rubani peke yake, bali na waliopanga, na walioruhusu, hata na sisi tupendao kutazama.

Utasema: wale walicheza, sisi twaruka kwa lazima, tukiwa na wagonjwa na madawa. Ni kweli, na lazima ina uzito kuliko mchezo. Walakini tukumbuke Kinshasa, tarehe 8 Januari 1996. Antonov 32 iliyopakiwa kupita kiasi ilishindwa kuruka katika uwanja wa N'Dolo, ikaingia soko la Simbazikita, ikaua watu mamia. Muuza mihogo wa soko lile hakuwa na mzigo ndani ya ndege, wala faida yake.

Baada ya Shoreham, Waingereza walizikataza ndege za namna ile kupinduka-pinduka juu ya nchi kavu. Ziliachiwa kupita tu. Uwanja wa N'Dolo ungali katikati ya jiji.