Beji Haizimi Moto
Neno: 1 Samweli 17:34-40

Kule Nyeri kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 1941. Wengi wetu tulipitia skauti shuleni, tukavaa skafu, tukajifunza kufunga mafundo, kisha tukaachia hapo. Lakini kuna wanaofika mwisho. Marekani cheo cha juu kabisa cha skauti kinaitwa Tai, na anayekitafuta lazima apate beji 21 za ujuzi, zikiwemo za huduma ya kwanza, kupika na kupiga kambi. Swali langu ni hili: cheo kama hicho humjenga mtu, ama humpamba tu?

Mtazame Gerald Ford. Alilelewa na baba wa kambo, kwa maana mama yake alimkimbia mume aliyekuwa akimpiga. Mwaka 1927, akiwa na miaka 14, akawa Skauti Tai. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, akaingia jeshi la majini, akatumika katika USS Monterey, meli ya kubeba ndege za kivita. Tarehe 18 Desemba 1944 tufani kali ikawapiga katika Pasifiki. Ndege zilizokuwa ndani ya meli zikakatika kamba, zikagongana, moto ukashika. Ford aliteleza kwenye sitaha, nusura atupwe baharini. Ukingo mdogo wa chuma ndio uliomzuia. Baadaye akashuka chini, kwenye moshi, kupambana na moto pamoja na wenzake. Meli yao ikapona. Meli nyingine tatu za kikosi hicho zilizama, na karibu watu 790 wakafa.

Sasa fikiria. Siku ile nani aliuliza ni nani ana beji? Beji haizimi moto. Basi cheo hakina faida?

Daudi atujibu. Mbele ya Goliathi hakutaja cheo chochote. Alitaja simba na dubu. Mavazi ya Sauli aliyavua. Alimtegemea Mungu aliyemjua kule machungani, na kombeo ambalo mkono wake ulishalizoea. Vivyo hivyo, faida ya beji 21 iko katika kurudia kazi ndogo mara nyingi, bila mtu wa kukupigia makofi. Sherehe inapita, mazoea yanabaki.

Mtu atauliza, “Pastor, huko si kutafuta wokovu kwa matendo?” La hasha! Waefeso 2:8-9 inafunga mjadala: ni kwa neema. Lakini usiishie hapo, soma na mstari wa 10. Aliyeokoka ameumbwa atende mema, na mema yanahitaji mazoezi.

Tena, cheo ni deni. Mwaka 1974 Ford, sasa akiwa Rais, alisema kupokea beji ile ilikuwa mojawapo ya nyakati za fahari kubwa maishani mwake. Mwaka huo huo alimsamehe Nixon, uamuzi uliowaudhi wengi, na 1976 akashindwa uchaguzi. Watu wanabishana hadi leo kama alifanya sawa. Kwa hivyo cheo hakimzuii mtu kukosea. Kinamnyima tu nafasi ya kujificha. Alipozikwa Januari 2007, Skauti Tai karibu 400 walijipanga kumpa heshima.

Wapendwa, sisi tunapenda vyeti sana. Kijana anamaliza mafunzo ya uongozi, tunampiga picha na joho, halafu Jumapili inayofuata hana kazi ya kufanya. Wazazi na walimu wa Sunday school, kabla ya kumpa kijana cheo, mpe kazi: apange viti, amtembelee mgonjwa, afike saa aliyoahidi. Akikosea, mrekebishe, kisha umpe tena. Tufani haitoi notisi. Juma hili, kijana wako umempa kazi gani?