Kupenda Chungu na Kumchukia Mpishi

Waswahili wana mithali isemayo: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii yafundisha wajibu wa mgeni, kwamba asiwe mzigo kwa mwenyeji. Walakini haisemi neno juu ya siku ya nne, wakati mgeni amekwisha kulima na mwenyeji amekwisha kula mavuno. Je, mtu aliyeshibishwa na kazi ya mgeni ana deni gani kwake? Yawezekana kukipenda chakula cha mtu na kumchukia mtu mwenyewe, bila ya kuikosea haki? Swali hili laonekana dogo kwa sababu lahusu tumbo. Lakini magomvi mengi ya binadamu yalianzia hapo.

Mahali pamoja pafaapo kulipimia swali hili ni viunga vya mashariki ya Los Angeles, nchini Marekani, katika Bonde la San Gabriel. Msafiri aifuataye barabara iitwayo Valley Boulevard, kupitia Alhambra, San Gabriel na Rosemead, hukuta mikahawa mingi isiyo na fahari kwa nje. Imo katika majengo mafupi yenye uwanja wa magari mbele, ubavuni mwa dobi au duka la dawa. Ndani mambo hubadilika. Huku hupikwa kwa mvuke vifuko vya unga vya namna ya Shanghai, vyenye nyama na mchuzi wa moto tumboni. Kule hutolewa vyakula vya Sichuan, ambavyo pilipili yake huwasha ulimi na punje zake huufisha ganzi. Mkahawa wa Kivietinamu huchemsha mifupa ya ng'ombe kwa saa nyingi pamoja na mdalasini na karafuu, harufu ambayo Mzanzibari hahitaji kufasiriwa. Jonathan Gold, mwandishi wa habari za vyakula aliyeisifu sana mikahawa ya bonde hili, alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2007, naye alikuwa mhakiki wa kwanza wa mikahawa kuipata.

Wapishi hawa hawakuanguka kutoka mawinguni. Sheria ya mwaka 1965 iliondoa vipimo vya kale vilivyowabagua wahamiaji kwa asili ya taifa. Katika miaka ya 1970 dalali wa nyumba, Frederic Hsieh, aliwatangazia Wachina wenye uwezo kwamba mji mdogo wa Monterey Park ungewafaa. Baada ya 1975 wakaja wakimbizi wa vita vya Vietnam. Ilipofika hesabu ya watu ya 1990, zaidi ya nusu ya wakazi wa Monterey Park walikuwa wa asili ya Asia, jambo lisilopata kutokea katika mji wowote wa Marekani bara.

Mgeni, basi, alikuja na jembe lake mwenyewe, na chungu chake pia. Alipokewaje? Kituo kimoja cha petroli kiliweka tangazo la kejeli, likimwomba Mmarekani wa mwisho atakayeuhama mji aichukue bendera. Mwaka 1986 baraza la mji lilipitisha azimio la kutaka Kiingereza kiwe lugha rasmi ya nchi. Kelele za wananchi zikalifanya lifutwe mwaka huo huo. Ugomvi mkali ulikuwa juu ya vibao vya maduka vilivyoandikwa Kichina. Harufu ya chakula ilivumilika. Jina la mpishi juu ya mlango wake halikuvumilika.

Mji wa jirani, Arcadia, watoa ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1942 uwanja wake wa mbio za farasi, Santa Anita, uligeuzwa kituo cha kuwazuilia watu wa asili ya Kijapani. Zaidi ya watu 18,000 waliwekwa pale kwa wakati mmoja, wengi wao raia kwa kuzaliwa, na baadhi yao walilala katika mabanda ya farasi. Mwaka 2000, katika mji huo huo, mkahawa mashuhuri wa Taiwan, Din Tai Fung, ulifungua tawi lake la kwanza Marekani, na watu wakapanga safu kungojea meza. Wajapani si Wataiwani, wala uhodari wa mpishi haufuti dhuluma aliyotendwa mwingine. Lakini msomaji akiuweka uzio wa kwanza kando ya safu ya pili, ataona kuwa mji huweza kujifunza kula upesi kuliko unavyojifunza haki.

Yupo atakayesema kuwa deni halipo: mlaji alikula, akalipa, akaondoka. Jibu hili halifai kudharauliwa, maana mpishi naye hakufungua mlango kwa sadaka. Alifungua apate kusomesha watoto. Lakini bei hulipa sahani, hailipi yote yaliyopokewa. Supu iliyomo bakulini ilitengenezwa na vizazi ambavyo muuzaji mwenyewe hakuviona, ikachukuliwa kichwani na mkimbizi aliyeshindwa kuchukua kitu kingine. Kitu cha namna hii hakinunuliwi chote, hushirikiwa. Na aliyeshirikishwa hawezi kusema kweli kwamba yeye na mpishi hawahusiani.

Yupo na mwingine, mwenye moyo mwema, asemaye: waacheni watu wale pamoja, chuki itakufa yenyewe. Tarehe yamkanusha. Sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani, nayo haikufutwa mpaka 1943. Katika miaka hiyo hiyo chakula cha Wachina kilichoitwa chop suey kilipendwa mno mijini. Tena, baada ya uamuzi wa mahakama wa 1915, mwenye mkahawa aliyetimiza masharti aliweza kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara, akapata njia aliyonyimwa kibarua. Mlango ulifunguliwa kwa chungu, ukafungwa kwa mtu. Ulimi hukaribisha kwa ajili ya nafsi yake. Moyo hauna budi kufundishwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiwacheke watu wa mbali. Chapati, sambusa na biriani vilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, navyo leo ni vyakula vya nyumbani toka Mombasa hata Kampala. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, na makumi ya maelfu wakaondoka. Yalikuwako malalamiko ya haki juu ya biashara ambayo utawala wa kikoloni uliiacha mikononi mwa wachache. Walakini lalamiko juu ya duka si hukumu juu ya mtoto aliyezaliwa Jinja. Watu walifukuzwa, chapati haikufukuzwa. Leo hukunjwa pamoja na mayai, ikauzwa kando ya barabara za Kampala kwa jina la rolex, na hapana aiulizaye pasi ya kusafiria.

Liko pia kosa jembamba zaidi, la yule amsifuye mpishi kwa kuwa mpishi tu. Hujua mkahawa upi una vifuko bora na upi una supu nzito, lakini hajui kama mtumishi amletieye bakuli hulipwa ujira wa halali, wala hapendi kumwona mwenye mkahawa akigombea kiti katika baraza la mji. Kwake mgeni ni mkono utoao sahani dirishani. Sifa za namna hii ni tamu masikioni, lakini humfungia mtu jikoni.

Mlaji basi adaiwa nini? Hadaiwi kupenda kila chakula, kwa kuwa ulimi hauamrishwi. Adaiwa kukiri kuwa aliyemlisha ni jirani, mwenye haki ya kuandika kibao chake, kuwa raia, kutoa shauri la mji na kuzikwa pale alipolima. Na adaiwa zaidi siku ya hatari, yaani siku itakapotolewa amri ya kuwa mpishi aondoke. Siku hiyo ndiyo itakayoonyesha kama waliopanga safu mlangoni pake walikuwa majirani au walikuwa na njaa tu.