Waliolaaniwa ni Kumi, Nasi Twamlaani Mmoja

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: Ndugu zetu Waislamu, mwezi wa Julai mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa taifa wa kupambana na ulevi na madawa ya kulevya. Kabla yake ilikuwako sheria ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2022 na kuzidishwa ukali. Kuyazuia madawa yasiingie, kuwaonya watu wasiyaanze, na kuwatibu waliokwisha kunaswa, yote ni mambo ya kheri, na yatupasa kuyasaidia. Kwani kukataza maovu ni wajibu wetu kabla ya kuwa kazi ya Serikali.

Lakini Serikali ikifunga bahari, ni nani atakayefunga milango ya nyumba zetu? Mwezi wa Aprili mwaka 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi mbele ya pwani yetu, limepakia kilo 1,032 za heroini. Mzigo wa zaidi ya tani hauletwi na kijana aliyelala barazani kwa arosto. Waletwa na wenye mali. Na wenye mali wana majirani, wana wakwe, na wana mahali wanapoheshimiwa.

Unga ni haramu kwa hukumu ile ile ya khamri, kwani Mtume S.A.W. amekwisha kubainisha kwamba kila chenye kulevya kimeharimishwa. Na Imam Tirmidhi amepokea kwa Anas bin Malik kuwa Mtume aliwalaani watu kumi kwa ajili ya khamri: mwenye kuikamua na mwenye kukamuliwa, mwenye kuinywa, mwenye kuichukua na mwenye kuchukuliwa, mwenye kunywesha, mwenye kuiuza, mwenye kula thamani yake, mwenye kuinunua na mwenye kununuliwa.

Itazameni hisabu hii. Mnywaji ni mmoja katika kumi, nasi tumemshika huyo mmoja tu. Akipita mla unga twamzomea, na akikaribia msikiti twamfukuza tukichelea viatu vyetu. Lakini mla thamani akija na gari jipya twamwamkia kwa heshima, twamwoza mabinti wetu, na akitoa fedha za kutia msikiti marumaru twamwombea dua. Je, Mwenyiezi Mungu, ambaye hapokei ila kilicho kizuri, atazipokea fedha hizo kwa kuwa kamati imezipokea?

Huenda mtu akasema: “Hatujui mali yake yatoka wapi, na dhana mbaya ni dhambi.” Twamjibu: Ni kweli, wala hatumtuhumu mtu pasina ushahidi, wala si kila tajiri ni muuza unga. Lakini kuuliza si kutuhumu. Mzazi aulizaye posa, na kamati iulizayo sadaka, hawakumdhulumu mtu. Mwenye mali ya halali haogopi kuulizwa.

Na huyo aliyenaswa, tumfanyeje? Katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya mtu aliyeletwa mara kwa mara kwa Mtume kwa kosa la kulewa, akapigwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu aliipata, lakini hakutolewa katika udugu.

Tangu mwaka 2015 watu wa Malindi wapata dawa ya methadoni hospitalini. Wako wasemao kuwa huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Sisi hatukubaliani nao. Dawa itolewayo na tabibu kwa kipimo, mgonjwa akainywa mbele ya muuguzi, ikamwepusha na sindano na wizi, ikamrudisha kazini na kwenye sala, hiyo ni tiba, na dharura ina hukumu yake katika Sharia. Anayemzuia mwanawe asiende kutibiwa kwa kuogopa maneno ya watu, na ajue kuwa maneno ya watu hayatamjibia mbele ya Mola wake.

Basi twawausia wenye kamati za misikiti waulize kabla ya kupokea, wazazi waulize kabla ya kuoza, na maimamu wamfungulie mlango mgonjwa anayetaka kurudi. Tusipofanya hivyo, mpango wa Serikali utaishia forodhani.

Mwenyiezi Mungu awaponye vijana wetu, na atutakasie mali zetu. Amin.