Mlinzi wa Kizingiti, Mwandani wa Njia

Katika gombolola ya Paya, Budama Magharibi, wilaya ya Tororo nchini Uganda, mahali ambapo Mkatoliki, Mwanglikana na Mwislamu huweza kuwa watoto wa baba mmoja na kuzikwa katika ua mmoja, mbwa yumo karibu katika kila mji, ilhali ni wachache walio na yakini ya daraja yake mbele ya Mungu. Mwislamu hujihadhari na mate yake. Mkristo humkuta katika Injili akiramba vidonda vya Lazaro maskini mlangoni pa tajiri, kisha humkuta katika Ufunuo ameachwa nje ya mji mtakatifu. Na wote wawili, jua linapokuchwa, humpigia mluzi aje alale karibu na mlango. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: kiumbe asiye na sheria, asiyeweka nia wala kutoa ahadi, aweza kuitwa mwaminifu? Na kama aweza, yule anayepokea uaminifu huo anadaiwa nini?

Profesa Bethwell Ogot, ambaye historia yake ya Waluo wa kusini ilichapishwa mwaka 1967, ameeleza kwamba Jopadhola wa zamani, wenyeji wa Budama, walimwabudu Mungu waliyemwita Were, naye alijulikana kwa sura mbili: Were Madiodipo, Mungu wa uani, mwenye kuwahifadhi waliomo nyumbani, na Were Othim, Mungu wa porini, mwenye kumwongoza mtu alipotoka kwenda safari, mawindoni au vitani. Fikra hiyo imeyakusanya maisha ya binadamu yote, kwa maana mtu ama yupo kwake, ama yuko njiani, na katika kila hali ana haja na hifadhi ya namna yake. Nikiwatazama wanyama wetu kwa fikra hiyo, namwona ng'ombe ni wa uani hata akiwa malishoni, namwona paka ameipenda nyumba kuliko mwenye nyumba, na swala hana habari na ua wa mtu. Mbwa peke yake ndiye anayekaa katika himaya zote mbili, akilinda hapa usiku na kuandamana kule mchana. Sisemi kwamba wazee walimpa cheo katika ibada zao. Nasema kwamba himaya mbili walizoziona wao, yeye huzivuka kila siku.

Mtazame alfajiri. Amelala juu ya majivu ya moto wa jana, ambayo yangali na vuguvugu, pua ameificha chini ya mkia, sikio moja limechanika kwa ugomvi wa zamani, na sikio hilo hilo ndilo linalosimama kwanza mwenye nyumba anapoondoa komeo. Mama akishika ufagio yeye huondoka bila kuambiwa, hunyoosha miguu ya mbele kisha ya nyuma, hujikung'uta majivu, akaenda kuketi kando ya baiskeli, kwa kuwa amekwisha kutambua kwamba leo mzee anakwenda Nagongera. "Rudi nyumbani!" mzee humkemea walipofika njiani, naye hurudi hatua chache, akangoja baiskeli ipinde kona, kisha akafuata kwa mbali, mpaka mzee mwenyewe anyamaze. Hapo hakuna mfupa ulioahidiwa. Njia ni ya vumbi na jua, na mbwa wa watu wengine wanamngoja katika kila mji atakaoupita.

Aliyesoma Suratul Kahf katika Kurani atawakumbuka vijana walioikimbia ibada ya masanamu ya watu wao wakaingia pangoni, Mwenyezi Mungu akawalaza miaka 300 na kuzidisha 9, na mbwa wao akawa amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Wanazuoni wamemtafutia mbwa huyo jina, na lililoenea zaidi ni Qitmir. Walakini linalonishughulisha mimi ni hesabu. Watu walibishana juu ya idadi ya vijana wale, hawa wakisema watatu, hao watano, wengine saba, na Kitabu hakikuwatangazia idadi hiyo bali kilieleza kwamba waijuao ni wachache. Lakini katika kila hesabu mbwa yumo, akiwa wa nne, au wa sita, au wa nane. Idadi ya watu wema iliingiwa na shaka, na kuwapo kwa mbwa wao hakukuingiwa na shaka. Naye hakuwa na shahada ya kutamka wala sanamu la kulikana; vijana waliikimbilia dini yao, yeye aliwafuata vijana. Elimu ya fiqhi yatufundisha kwamba amali huhukumiwa kwa nia, na mnyama hana nia ya ibada, basi kwa sheria hana thawabu anayoidai. Hata hivyo ametajwa mara nne katika aya mbili, na mahali pake pameelezwa kwa usahihi usio wa bure: hakuwekwa katikati ya vijana, wala hakufukuzwa nje ya pango.

Wako watakaonijibu kwa hadithi mashuhuri, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba afugaye mbwa pasi na haja hupungukiwa na thawabu kila siku. Na wahenga wa Pwani nao wameonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Maonyo hayo nayaheshimu, wala sitaki kuyapunguza. Lakini hadithi zizo hizo zimemtoa katika lawama mbwa wa mawindo, mbwa wa mifugo na mbwa wa shamba, na ni nani katika Paya, mwenye mbuzi, kuku na shamba la muhogo, asiyekuwamo katika ruhusa hiyo? Madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yameamuru chombo alichoramba mbwa kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Imamu Malik amesema mbwa ni tohara, akitazama kwamba Kurani katika Suratul Maida imehalalisha kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefundishwa. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, baada ya kuithibitisha maana ya dhahiri ya hadithi ya malaika, aliingia katika maana ya ndani: moyo wa mtu ni nyumba, na hasira, uchu, husuda na kiburi ni mbwa wabwekao humo, basi nuru itaingilia wapi? Nimeona watu walio wepesi wa kumpiga jiwe mbwa wa jirani kwa ajili ya usafi wa dini, na jiwe hilo hutupwa kwa ghadhabu ambayo Ghazali angeihesabu kuwa ni mbwa mkali zaidi kuliko yule aliyepigwa.

Lipo pingamizi la wanafalsafa, nalo ni zito kuliko la wanafiqhi. Husemwa kwamba mbwa hapendi, hufuata tumbo. Na Descartes, Mfaransa wa karne ya 17, alikwenda mbali zaidi akawafananisha wanyama na mitambo. Sikubali. Kama tumbo ndilo lingekuwa kiongozi wake, mbwa wa maskini wa Paya, ambaye chakula chake ni ukoko wa ugali wa mtama na maji ya kuoshea chungu, angehamia kwa mwenye duka la nyama kabla mwezi haujaandama, wala hahamii. Tena, hata kama mapenzi yake yalianzia kwenye chakula, mapenzi ya nani hayakuanzia huko? Mtoto mchanga humjua mama kwa titi kwanza, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba mapenzi ya mwana ni njaa tu. Katika Bonn-Oberkassel, Ujerumani, lilifukuliwa kaburi la yapata miaka 14,000, ndani yake mwanamume, mwanamke na mbwa mchanga, na meno ya mbwa huyo yalionyesha kwamba aliugua sana na hangaliishi wiki za ugonjwa wake bila ya kuuguzwa. Ng'ombe alikuwa hajafugwa wakati huo, wala mtama haujapandwa shambani. Watu waliokuwa hawana zizi wala ghala walimuuguza kiumbe ambaye katika ugonjwa wake hakuwafaa kwa mawindo wala kwa ulinzi, na kitendo hicho hakielezeki ila kwa suhuba.

Habari ya njiani imesimuliwa vizuri katika Kitabu cha Tobiti, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na Waprotestanti wengi hawakukitia katika yao. Kijana Tobia anatumwa na baba yake kipofu kwenda nchi ya mbali kuchukua fedha ya amana, na mwenziwe wa safari ni malaika Rafaeli aliyejificha katika sura ya mtu. Na mbwa akatoka pamoja nao, na walipokuwa wakirejea alikuwa akiwafuata nyuma. Basi. Hapigani na simba, hamgundui mwizi, hatendi muujiza wowote. Msimuliaji amemtaja kwa kuwa alikuwapo. Katika maandiko ya dini zetu sijui mahali pengine ambapo malaika na mbwa wamekanyaga vumbi la njia moja, wala sioni kwamba habari hii inagongana na hadithi ile ya malaika, kwa sababu moja ni ya nyumba na nyingine ni ya njia, na ya nyumba ina adabu zake. Mahabharata ya Wahindi, nayo, humsimulia Yudhishthira akifika mwisho wa safari yake na kukataa kuingia mbinguni iwapo mbwa aliyemfuata ataachwa nje.

Nasema, basi, kwamba uaminifu wa mbwa ni wa kweli, ijapokuwa si ibada, na kwamba deni lake liko juu yetu sisi wenye akili, maana yeye hawezi kudai. Hadithi sahihi imesimulia juu ya mtu aliyeshuka kisimani, akakijaza kiatu chake maji, akapanda nacho kwa meno, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na kwa tendo hilo akasamehewa dhambi zake. Kwetu kiu hiyo ina sura nyingine. Kichaa cha mbwa, ambacho Louis Pasteur alionyesha mwaka 1885 kwamba aliyeumwa aweza kuokolewa kwa chanjo, kinaua karibu kila mtu kikisha kudhihiri, na wengi katika wanaoumwa ni watoto. Aliyeumwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja dalili. Na mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kumfuga mbwa mlangoni, kumtumia usiku kucha, na kumkosesha sindano moja ni hiana kwake na kwa mtoto wa jirani.

Na hapa karibu na mpaka wa Uganda na Kenya kazi hiyo ya kuchanja haiwezi kufanywa na nchi moja. Waingereza waliusogeza mpaka wa Uganda mwaka 1902, wakawaacha Wasamia na Wateso pande zote mbili, na leo binadamu anayevuka Busia au Malaba huonyesha karatasi. Mbwa huingia katika mto wa mpakani akaibuka ng'ambo akiwa na maradhi yake au na afya yake. Kwa hiyo Tororo na Busia ya Uganda hazina budi kuchanja wiki ile ile inapochanja Busia ya Kenya, na siku hiyo itangazwe na shehe baada ya sala ya Ijumaa, na padri na mchungaji siku ya Jumapili, kama wanavyotangaza mazishi na harusi.