Je, Rafiki ni Ndugu?

Leo tunawaletea swali linalotusumbua nyumbani, sisi mume na mke, tangu mwaka 2017. Hatujapatana bado.

Mnakumbuka mwaka 2015, Warundi walipoingia hapa Nyarugusu kwa maelfu, wengine wakalala makanisani na madarasani. Mama mmoja mjane alikuja kwetu kuazima sufuria. Ilirudi na kikombe cha maharage ya mgao ndani yake, maana alisema kwao chombo hakirudishwi kitupu. Urafiki ukaanzia hapo. Usiku mmoja wa mvua, sisi wote wawili tukiwa hoi kwa malaria, yeye ndiye aliyembeba mtoto wetu mgongoni hadi zahanati. Baadaye kambi ilipojaa mno, Warundi wengi wakahamishiwa Nduta, wilaya ya Kibondo. Naye akapanda basi.

Mwaka 2017 tukasikia anaumwa. Kutoka kambini lazima kibali, nanyi mnaijua foleni yake. Karani akauliza, "Mgonjwa huyo ni nani wenu?"

"Dada yetu."

Akatutazama. "Nyinyi Wakongo, yeye Mrundi. Dada vipi?"

Hapo mume akajibu, "Mama yetu mmoja, baba mbalimbali." Muhuri ukapigwa, siku tatu.

Barabara ya Kibondo wakati ule haikuwa na lami. Tulikaa juu ya magunia nyuma ya lori, vitenge mdomoni kwa ajili ya vumbi jekundu. Kila kizuizi tulitoa karatasi, na askari akasoma kwa sauti: dada. Mara ya kwanza tulifurahi. Mara ya tatu tukatazama chini.

Sasa tufikiri pamoja. Kanisani tunaitana ndugu kila Jumapili, wala hakuna anayesema tunadanganya. Hata kitabu cha Mithali kinajua kwamba rafiki anaweza kumpita ndugu. Kwa hiyo jibu la kwanza tunaweza kulisimamia. Lakini la pili? Ibrahimu naye alisema Sara ni dada yake, na katika Mwanzo 20 alijitetea kwamba baba yao ni mmoja. Alikuwa na nusu ya kweli, akaitumia kuficha nusu nyingine. Sisi hata hiyo nusu hatukuwa nayo. Karani aliuliza habari za damu, nasi tulijua anauliza damu.

Mke anasema: utaratibu usio na nafasi ya rafiki ndio uliotusukuma, na aliyembeba mtoto wetu usiku ule hawezi kuandikwa mtu baki. Mume, ambaye ndiye aliyetamka, anasema hapana. Karani alituamini. Siku akigundua, atakayeumia ni yule wa nyuma yetu kwenye foleni, ambaye dada yake ni dada kweli.

Tulimkuta amekonda, lakini ameketi mlangoni. Tulipomsimulia tulitegemea atacheka. Akanyamaza, kisha akasema, "Mama yangu alikufa akiwa na mume mmoja. Nyinyi mmempa wa pili." Halafu akatumiminia uji, akatushika mikono, akatuomba tusiondoke upesi. Tulikaa siku moja na nusu. Alirudi Burundi mwaka 2019, na hatujaonana tena.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwaya alitujia. Rafiki yake amelazwa Kasulu, naye alitaka kujua aandike nini kwenye ombi la kibali. Safari hii tulipatana, tukamwambia aandike rafiki. Ameandika. Mpaka tunapopeleka makala haya bado hajaitwa, na mama yake anatuuliza kila Jumapili tutamwambia nini mtoto wake ikiwa mgonjwa yule atakufa kabla.